Ngoa, na kwa nini tamaa peke yake haitoshi

Kuna neno nalipenda sana na naona linatuponyoka hivi hivi tukiona, neno lenyewe ni ngoa. Si ng'oa ya kung'oa jino au kung'oa magugu, hapana, ni ngoa, ile ng yake nzito kama ya ngoma na ngozi. Nikiliandika mahali vijana wanakimbilia kunisahihisha ati nimesahau alama ya juu, lakini akina mama wa nyumbani kwetu Mombasa wakilisikia wanaelewa pale pale bila kuuliza, wengine wanakukazia macho kabisa manake wanajua umegusa pahali. Kwa hivo leo nimeona nikae nilizungumze vizuri, kwa sababu neno hili likienda mie sioni la kuweka pahali pake.

Ngoa ni kutaka. Ni kule kutaka kitu hadi roho inakuwa haitulii, unalala nacho unaamka nacho. Na ngoa ni wivu pia. Vyote viwili ndani ya neno moja, na ndo maana nalipenda. Ile kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939 ya kina Frederick Johnson inalipa maana zote mbili, na misemo yake mikubwa ni ile ile inayosemwa mpaka leo: kutimiza ngoa na kulia ngoa. Ukitimiza ngoa umekipata ulichokuwa unakitaka, roho imeshuka. Ukilia ngoa basi kile kitu kipo kwa mwenzio, umekiona kwa macho yako, na wewe umebaki kutazama.

Waliosoma Kenya wengi walikutana na kulia ngoa kwenye orodha za semi, pale katikati ya kula chumvi nyingi na kupiga moyo konde. Lia ngoa, ona wivu, basi, mstari unaofuata. Tunakariri, tunaandika kwenye mtihani, tunapata maksi yetu moja, halafu neno tunaliacha pale pale kwenye daftari. Na ile maana tuliyopewa si uongo ila ni nusu, manake mtu anaweza kuona wivu wa kitu asichokitaka hata kidogo, anachukia tu wewe kuwa nacho. Anayelia ngoa anakitaka kile kitu. Ukimpa ananyamaza.

Mie mara ya kwanza kulisikia nilikuwa mdogo, ilikuwa Idi ndogo, binamu yangu akaja kwetu na viatu vyekundu vyenye taa kisiginoni, kila akikanyaga vinawaka. Mie nilikuwa na gauni la kushonwa na kandambili mpya na mpaka dakika ile nilikuwa najiona nimependeza kuliko watoto wote wa mtaa. Nikasimama mlangoni nimeshika fremu, sisemi kitu, namwangalia akipita ukumbini anarudi, anapita anarudi. Nyanya alikuwa anageuza kaimati kwenye shira, hata kichwa hakuinua, akasema, "Ushaanza kulia ngoa wewe, hebu njoo hapa." Akanitilia kaimati mbili kwenye kisahani, za moto, zinachuruzika shira mpaka mkononi, akaniweka karibu yake kwenye kibao cha mbuzi nikala. Na machozi sikuwa nimetoa hata tone! Lakini aliona. Hakuniambia nina tamaa, hakuniambia nina roho mbaya wala hakuniambia nimshukuru Mungu kwa nilivyo navyo, alilitaja tu lile jambo kwa jina lake na akanisogeza karibu. Nikikumbuka hivi leo naona kwamba kuna maneno ya kumgombeza mtoto na kuna maneno ya kumwonea huruma, na ngoa kwa mdomo wa nyanya lilikuwa la huruma.

Sasa mtu ataniambia kwani Kiswahili kina upungufu wa maneno ya kutaka? Hakina, tena tumejaaliwa. Hamu, shauku, uchu, kiu, tamaa, ashiki, matamanio, muradi, utashi, na hayo ni yale yanayokuja haraka. Lakini kila moja lina pahali pake na mwenye masikio anajua ukilikosea. Hamu ni ya kitu unachokijua ladha yake, nna hamu na mama, nna hamu ya samaki wa kupaka, huwezi kusema una hamu na mtu usiyemjua. Uchu ni wa kitu ulichonyimwa muda mrefu, uchu wa nyama, na magazeti yakalichukua likawa uchu wa madaraka na hapo likanoga kweli kweli manake wale watu ukiwaangalia ni kama hawajala miaka. Shauku inatazama mbele, kitu kinakuja na moyo umetangulia kukipokea. Ashiki ni ile ya mapenzi inayomlaza mtu kitandani asile asinywe. Muradi una subira ndani yake, mtu anapata muradi wake baada ya dua na kungoja.

Halafu angalia vitenzi tunavyovipa haya maneno, hapa ndo mie huwa nashangaa kabisa. Kiu tunaikata, na ukikata kiu umekunywa umetosheka. Hamu tunaikata, na ukikata hamu umemwona uliyekuwa unamtaka, umekumbatia, umeshiba naye. Lakini tamaa ukiikata umeisha! Kukata kiu ni kupata, kukata hamu ni kupata, kukata tamaa ni kukosa moja kwa moja na kuacha hata kungoja. Kitenzi ni kile kile kimoja. Nimelifikiria sana hili na naona sababu ni kwamba tamaa ilipoingia kwenye lugha yetu kutoka Kiarabu ilikuja na uzito wa matumaini, haikuwa uroho peke yake. Msomaji wa Kurani ataikumbuka ile aya ya 16 ya Surat As-Sajda, wale ambao mbavu zao zinaacha vitanda usiku wanamwomba Mola wao kwa hofu na kwa tamaa, neno lililopo pale ni tamaa hiyo hiyo, na hakuna atakayesema wale watu ni waroho. Wanatumaini. Kwa hivo kukata tamaa ni kulikata tumaini, na sisi tumelihifadhi hilo tumaini ndani ya msemo mmoja tu, kwingine kote tamaa tumeigeuza matusi. Tamaa mbele mauti nyuma. Tamaa ilimuua fisi. Ukimwambia mtu ana tamaa umemvunjia heshima.

Ila kanga hazijasahau. Kuna jina la kanga ambalo nadhani karibu kila nyumba ya pwani limepita, Japo sipati tamaa sikati. Mama alikuwa nayo, ikachakaa akaifanya ya kubebea mtoto, ikachakaa zaidi ikawa tambara la jikoni na maandishi bado yanasomeka. Pale Biashara Street Mombasa, kwenye lile duka la Mali ya Abdulla lililofunguliwa mwaka 1887, wanawake bado wanasimama wanasoma jina kwanza ndo waangalie rangi, na sijui kama kuna pahali pengine duniani mtu anajifunga kiunoni sentensi ya kusema nataka na sijapata na sitaacha kutaka. Hilo ni jambo kubwa sana jamani. Mwanamke anatembea sokoni na kutaka kwake kumeandikwa mgongoni na hakuna wa kumwambia aone haya.

Na hamu nayo ina siri yake. Tunasema tunasubiri kitu kwa hamu na ghamu, tukiwa na maana ya shauku kubwa, tunasubiri harusi kwa hamu na ghamu, tunasubiri mechi kwa hamu na ghamu. Kwa Kiarabu maneno hayo mawili ni huzuni na dhiki! Mtu anaomba dua aondolewe hamu na ghamu. Sisi tukayachukua tukayafanya ya kusubiria pilau, na wala sioni kama tumekosea, manake mtu aliyewahi kungoja kitu kwa moyo wote anajua kule kungoja kunauma. Kutaka na kuumia tumeviweka nyumba moja tangu zamani. Basi ngoa ndo hiyo hiyo, lakini yenyewe ni ya kwetu, haikuja na jahazi.

Ngoa hatuikati. Hakuna anayesema nimekata ngoa. Ngoa inatimizwa au inaliliwa, hakuna njia ya tatu, na mie hapa ndo naona ukweli wake. Huwezi kujiambia basi nimeacha kulia ngoa kuanzia kesho. Utailia mpaka uipate au mpaka uchoke kulia.

Na hicho kitenzi cha kulia ndo kinachoitenga na husuda. Madrasa tulifundishwa kwamba hasidi ni yule anayetaka neema ikutoke, hata kama yeye hataipata, roho yake inapoa ukianguka. Na tukafundishwa kwamba kuna yule anayetamani apate kama ulivyopata bila kutaka wewe upungukiwe, huyo hana dhambi, Waarabu wana neno lake kabisa, ghibta. Hasidi anatenda, anachimba, anasema maneno, anakwenda kwa waganga. Mlia ngoa analia tu. Hajamfanyia mtu kitu. Sasa mie sisemi ngoa ni ghibta, hapana, ngoa ni chafu kidogo, ina kinyongo ndani, ukiiacha sana inaweza kuota pembe ikawa husuda yenyewe. Lakini bado haijafika huko. Ni ile hatua ya binadamu wa kawaida ambaye si malaika na si shetani, ameona kitu kizuri kwa mwenzake na moyo ukamchomoka. Maneno ya kuelezea hatua hiyo ni machache sana, tunarukia moja kwa moja kumwita mtu hasidi, na hasidi hana sababu, tushamhukumu.

Ukitaka kuiona ngoa imevaa nguo za kutokea nenda kwenye taarabu. Taarabu ya Kiswahili iliingia kwenye santuri mwaka 1928 pale Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi, na tangu hapo hadi mipasho ya miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vikipigana vijembe Dar, mambo ya kutaka na kunyimwa hayajaisha kuimbwa. Lakini mie nataka uangalie ukumbini, usiangalie jukwaani. Mwimbaji anafika kwenye ule ubeti, na kuna mama ananyanyuka kitini taratibu, dera limepigwa pasi mpaka linasimama, noti ameishika kwa vidole viwili ameiinua juu kidogo ya kichwa ionekane. Hapiti njia ya mkato. Anazunguka anacheza polepole mpaka apite mbele ya kiti cha yule anayemkusudia, hamwangalii, anatabasamu tu, anakwenda kumtunza mwimbaji pale pale neno linapotoka, anarudi kwa njia ile ile. Jina halikutajwa. Ugomvi hakuna. Na ukumbi mzima umeshajua nani analizwa ngoa. Mama zetu wa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ile ngoma ya wanawake, na huko nako ilikuwa hivo, kushindana kwa nyimbo, kwa sare, kwa karamu, kundi hili likifanya kubwa kundi lile halilali. Watu wanadharau haya mambo wanasema ni umbea wa wanawake. Mie naona ni watu waliojua kwamba ngoa ipo na haiondoki kwa kukaripiwa, wakaipa ukumbi, muziki na adabu zake.

Kuna matumizi moja yananikera lakini na lazima niyaseme. Mume ameoa mke wa pili, yule wa kwanza anauliza mbona siku zangu zimepungua, mbona matumizi hayaji, mbona ada ya mtoto haijalipwa, na jibu analopewa, mara nyingi na wanawake wenzake, ni kwamba analia ngoa. Hapana! Hapo neno linaibiwa. Anayelia ngoa analilia kisicho chake. Yule mama anadai zamu yake na haki yake, na Kurani yenyewe kwenye Surat An-Nisaa aya ya 3 imeweka uadilifu kuwa sharti, mwanamume akiogopa kwamba hatafanya uadilifu basi awe na mmoja. Kudai haki si ngoa. Kama moyo wake nao unamuuma kwa kumwona mwenzie amejifunga kanga mpya, sawa, hiyo sehemu iite ngoa na umwonee huruma kama nyanya alivyonionea mie, lakini usichukue ile ya moyo ukaifunikia ile ya haki. Nimeona mama mmoja ninayemheshimu ananyamazishwa kwa neno hili kwenye kikao cha wazee na akanyamaza kweli, na mpaka leo sijaridhika.

Tukirudi kwenye kutimiza ngoa, huu msemo nao una utamu wake manake unaweza kusemea hata mambo ya mwili bila kumvunjia mtu heshima. Sa hizi vijana wana maneno ya mtaani ya hayo mambo ambayo huwezi kuyatamka mbele ya mkwe, na ukitafuta ya heshima unapewa yale ya hospitali, makavu, kama mtu anasomewa ripoti ya daktari. Watu wanatimiza ngoa. Umesema yote, na mtoto akipita ukumbini hajajua mnaongea nini. Na si mwili tu. Mtu alitaka kwenda Hija maisha yake yote, akauza mbuzi, akauza kiwanja, akaenda, ukisema ametimiza ngoa yake sioni ubaya wowote, ni kutaka kwa roho yote na kupata.

Na kusema kweli kama kuna wakati tulihitaji huu msemo wa kulia ngoa basi ni huu wetu. Saa tano usiku umelala na simu unapandisha picha kwa kidole, huyu yuko Dubai, huyu amejenga, huyu amevishwa pete, yule mliyekaa dawati moja anakata utepe wa duka lake la tatu. Unaweka kopa tatu nyekundu, unaandika mashallah, hongera sana kipenzi, na kifuani kuna kitu kimekukaa na hujui ukiite nini. Ukikiita husuda unajitukana, manake unampenda yule mtu na hutaki apoteze chochote. Ukikiita tamaa hujasema kweli yote. Vijana wanasema roho inaniuma, na hiyo iko karibu, lakini roho inauma kwa mambo mengi hata kwa msiba. Mwenzangu mmoja aliniambia juzi kwamba tangu mdogo wake aolewe yeye hawezi kutazama picha za harusi ile mpaka mwisho, na anajiona ana roho ya kichawi. Nikamwambia wewe huna uchawi wowote, unalia ngoa. Akauliza ndo nini hiyo. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, akakaa kimya, halafu akacheka, akasema basi mie nalia ngoa tangu Desemba. Akaanza kuongea mengine ambayo naamini asingeyaongea kama angebaki anajiita mchawi.

Kwa wenye kutaka kulitumia, naomba mlitamke vizuri. Wazee wetu walipokuwa wanaandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu shida ilikuwa kubwa zaidi, manake herufi moja ya ghaini ilibebeshwa g, gh, ng na ng' zote, kwa hivo ngoa na ng'oa kwenye karatasi zilikuwa kitu kimoja na msomaji anachagua mwenyewe kwa kuangalia maneno ya jirani. Sisi tuna hati za kirumi na hiyo alama ya juu ipo kwenye kila simu, lakini watu hawaibonyezi, anaandika nimengoa jino, mwingine akiona ngoa iliyoandikwa sawa anadhani na yenyewe imekosewa. Ibonyezeni pale inapotakiwa na muiache pale isipotakiwa, mnaling'oa jino, mnailia ngoa. Na ikiwa ya kwako utasema ngoa yangu, ya mwenzio utasema ngoa yake, ukimfanya mtu ailie umemliza ngoa, na mwenye tabia hiyo ni mlia ngoa, wakiwa wengi walia ngoa. Mdogo wako akikuomba umnunulie simu kwa sababu ya rafiki yake amenunuliwa, mwambie usilie ngoa nami nitakutimizia mwezi ukiisha, kisha umtimizie kweli.